Barua Zangu Zasifiwa Machimboni, Nami Sijui Kusoma

Shinyanga, Juni 1938

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, nimekuja kwako mikono kichwani. Mimi ni mjane, jina langu Mwamvua, marehemu mume wangu Maulidi aliniachia cherehani moja na baraza, ndugu zake walitaka niiuze nikakataa, nikakaa nikashona kaptula za kaki, na leo namshukuru Mungu kaptula zangu zinavaliwa hadi kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na wavaaji wanasema hazichaniki hata ukiinama shimoni kutwa.

Kazi ilikua kwa sababu ya barua, na hapo ndipo penye balaa langu. Sijui kusoma wala kuandika, basi mwaka jana nilimwajiri Bwana Leodgar, mtu mzima wa Ushirombo aliyesomeshwa na mapadri, aniandikie barua za biashara kwa jina langu. Kila bunda la kaptula likipanda lori huenda na barua moja ndefu, karani wa huko huisoma Jumapili mbele ya watu wote, na maneno ya kuandikwa namwambia mimi, kwanza mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kwa kila mteja kwa jina lake, kisha habari za kwao, maana mama zao wakileta pamba mjini hupumzika barazani kwangu, "Makoye, mama yako Mbuke mguu umepona, juzi amecheza ngoma mpaka vumbi," "Maganga, ng'ombe wenu mwenye mabaka amezaa jike," ndipo mwisho kabisa natia neno la kaptula. Leodgar anayapanga vizuri, na chini anaandika kwamba ni mimi Mwamvua niliyeandika kwa mkono wangu.

Sasa nyapara mkuu wa machimbo, Bwana Ngassa, ameleta neno kwamba anataka nishone kaptula za watu wake wote, lakini kwanza nifike mwenyewe Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, nisimame niwasomee barua kwa kinywa changu, wamuone huyo dada aliyesoma! Mshauri, moyo ulinipasuka. Nikienda nitaonekana mwongo na jina langu litakwisha, nisipokwenda kazi atapewa mwingine. Kaka yangu Fikirini ananishauri nifunge kitambaa machoni, niseme natoka hospitali ya Kolandoto kutibiwa macho, Leodgar asome badala yangu, na kitambaa nimekwisha kukikata, lakini Leodgar hataki, ati ni uongo, nami naanza kudhani anataka sifa ziwe zake. Barua hii pia anaiandika yeye, maana sina mwingine, na nimemwambia asipunguze neno. Nifanyeje?

Mwamvua, fundi wa kaptula

JIBU

Bi Mwamvua, pole. Nimekwisha kukupa pole, sasa nikugombeze.

Hicho kitambaa kishonee mfuko wa kaptula. Mwanamke aliyewashinda ndugu wa mume kwa cherehani moja leo ajitie upofu kwa shauri la Fikirini? Mwambie kaka yako akae mbali na biashara yako.

La pili. Umemshtaki mtu kwa mkono wake mwenyewe, naye ameandika neno kwa neno kwamba huenda anatafuta sifa, na mwandiko haukupinda hata kidogo. Unadhani watu wa namna hiyo wanauzwa gulioni? Mwombe radhi leo hii, kabla hajamaliza kukusomea jibu hili.

Halafu niambie, ni nani aliyejua habari za mguu wa Mbuke? Ni nani anayemkumbuka kila mtu kwa jina, na kwa mama, na kwa ng'ombe? Barua ni zako, mama. Kosa lako ni moja, kusema uliziandika kwa mkono wako, na hilo linaondoka kwa kusema kweli.

Basi panda lori. Simama mbele yao bila karatasi, useme waziwazi kwamba hujui kusoma, mkono ni wa Bwana Leodgar na maneno ni yako. Yeye akae kando, aonekane. Kisha uwasalimie kama unavyowasalimia siku zote. Ukirudi, kila barua iwe na alama ya dole lako, na jina la mwandishi pembeni. Nawe uanze kujifunza kusoma, umri si kisingizio. Jibu hili nakutumia kwa posta kabla ya kulichapa, maana Jumapili hiyo haitalingoja gazeti.

NA HABARI ZILIZORUDI

Bwana Mshauri, nilisimama. Nilipotamka kwamba sijui kusoma, nikajua nimekwisha. Mara Makoye, mtoto wa Mbuke, akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, na sisi hatujui! Unafikiri kwa nini tunasomewa?" Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nawaogopa wenzangu! Ngassa akasema, "Tusalimie basi, watu wanangoja." Nikasalimia tangu asubuhi mpaka saa sita, mmoja mmoja, na hakuna aliyeondoka kabla hajasikia habari za kwao. Kazi nimepewa yote. Natafuta cherehani ya pili, na herufi za jina langu nimezijua tatu.

Chini ya barua hiyo pana alama ya dole, wino umejaa mpaka umevuja. Pembeni yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, yameandikwa haya: "Nimeandika mimi, Leodgar. Aliniomba radhi. Sikupunguza neno."