Pengo Juu ya Vifundo

Jumatano

Nilipima mkono wa jirani yangu Dieumerci ukiwa umelazwa wazi juu ya karatasi ya ofisi ninakofanya kazi ya ukarani. Kosa langu ndilo hilo. Akikunja ngumi, mabamba ya glavu za chuma nilizomtengenezea yanaachana, na vifundo vya vidole vinabaki wazi.

Jumapili yeye na wenzake wana pambano la mchezo wao wa kuvaa chuma na kupigana kama askari wa zamani wa Ulaya. Yeye ni fundi cherehani. Vidole vikivunjika, mama yake atakula nini?

Nilipomwambia alicheka. "Weye unaogopa hata mbuzi, sekretere! Iko muzuri."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilivaa glavu mwenyewe, nikashika upanga wake butu hadi pengo likafunguka, nikamwambia, "Basi nipige. Polepole."

Alinipiga kwenye vifundo kwa fimbo ya mazoezi, polepole kweli. Nililia hadi majirani wakatoka nje.

Alinivua glavu bila kucheka tena. "Pardon, ndugu. Sitaenda Jumapili mupaka uitengeneze."

Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umevimba. Kesho shefu, mkubwa wangu wa ofisini, ataniuliza mkono umepatwa na nini. Lakini ng'ambo ya ukuta nasikia cherehani ya Dieumerci ikikimbia.