Siku Tulipoondoa Madirisha ya Kompyuta

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Asembo hatujambo. Mama yako amevuna mtama, na goti langu bado linanivumilia. Umeuliza kama ukiweka mfumo mwingine wa madirisha, yale maboksi tunayofungulia kazi kwenye skrini, kwenye kompyuta yako, kazi yako itapotea. Weka nakala kwanza, halafu usiogope. Mimi niliogopa sana.

Nilikuwa karani kijana wa chama cha wavuvi hapa ufuoni. Kompyuta yetu ya pekee ilihifadhi majina ya boti zote na wavuvi wa kila boti. Boti isiporudi, majina hayo ndiyo yaliyotuambia tukabishe mlango wa nani. Madirisha yake yalipoanza kukwama, fundi alitoka Kisumu kuja kuweka mengine. Aliondoa yale ya zamani, skrini ikawa nyeusi tii.

Mwenyekiti wetu, mzee mkali, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani.

"Binti, watu wetu wameenda?"

Nilimgeukia fundi.

Fundi aliandika maneno mawili kwenye ule weusi, na majina yakaanza kupanda, boti kwa boti, mtu kwa mtu, bila dirisha hata moja. Kumbe walikuwa humo muda wote, na madirisha yalikuwa ya sisi kuchungulia tu.

Fundi akauliza kama sasa afungue madirisha mapya.

"Ngoja kwanza," mwenyekiti akasema, akaendelea kusoma majina kwa sauti, kofia mkononi, mpaka mtu wa mwisho.

Ni mimi, nyanya yako.