Papa Hilaire Paluku, Ile Pinyo ya Kiwanja Niliivunja Mimi

Mwaka umetimia wiki hii, Papa, tangu tulipokulaza kaburini na kurudi nyumbani Katindo bila wewe. Tungetaka kukukumbuka kama watu wengine wanavyowakumbuka wazee wao, kwa maneno mazuri na ile picha yako ya arusi ya mwanao Josias, koti limekubana tumboni. Maneno mazuri yapo. Lakini lipo na jingine la kusema, na familia imekubali kwamba mimi Kahambu, binti yako uliyemfundisha ufundi, ndiye niliseme.

Ulikuwa mtu wa kucheka polepole. Mteja akifika garaje amekasirika, ulimpa kiti kwanza, ukamuuliza watoto wameamkaje, na hasira ikamwisha kabla hujagusa mashine yake. Magari ya siku hizi ulisema huyajui, na hukuwa na hamu ya kuyajua. Kazi yako ilikuwa trakta za zamani, zilizobaki kutoka mashamba ya kahawa, ambazo mafundi wenzako waliziita vyuma vya kuuza kwa kilo. Watu walikuja kwako kutoka Masisi na Rutshuru, wengine na kipande kimoja tu kwenye gunia, kimefungwa nyuma ya pikipiki.

Wote walijua jinsi ulivyotoa na kurudisha pinyo, yaani lile gurudumu la meno linalokaa kwenye shafti kwa kubana tu, bila boliti. Tundu lake ni dogo kidogo kuliko shafti yenyewe, kwa hiyo likiwa baridi haliingii. Kuitoa, ulifunga arashe, kile chombo cha kuvutia chenye miguu mitatu, ukakaza robo mzunguko, ukangoja, ukakaza tena. Kuirudisha, uliitia pinyo kwenye sufuria ya mafuta ya gia juu ya jiko la makaa, kisha ukatoa rozari mfukoni, ukasali. Saa hukuitumia. Matendo matano ya rozari yakiisha, chuma kimepanuka, unakiinua kwa koleo na kinashuka mahali pake chenyewe. Mama alinung'unika kwamba Bikira Maria amefanywa saa ya garaje. Ulimjibu, "Chuma haipigwake, mama. Inaombwaka."

Siku ile ulikwenda Sake, kwenye matanga ya rafiki yako Damien, ukaniachia kazi ya Mama Annonciata wa ushirika wa wanawake wa Kiwanja. Dereva wake, Viateur, alikuwa ametuletea sanduku la gia la trakta yao kwa lori. Pinyo ya zamani tulishaitoa pamoja. Ilibaki kurudisha mpya, uliyoitafuta sokoni Birere wiki tatu nzima. Mvua zilikuwa zimeanza na wanawake wa ushirika walingoja kulima maharagwe, Viateur akizunguka garaje na simu sikioni. Nilitia pinyo kwenye mafuta, nikaanza rozari. Nilipofika katikati ya tendo la pili nikajiambia chuma ni chuma, hakijui kuhesabu, nikaiinua.

Pinyo iliingia nusu, ikakwama. Hapo nilipaswa kufunga arashe, niitoe, nianze upya. Nilichukua nyundo. Pigo la tatu lilitoa sauti ndogo, na kwenye shingo ya pinyo nikaona mstari mwembamba kama unywele. Niliupaka grisi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliuona, nikaupaka grisi, nikafunga sanduku, Viateur akaondoka nalo.

Jioni uliniuliza, "Rozari iliisha?"

"Iliisha, Papa."

Ulinishika bega, ukaenda kula.

Siku kumi na moja baadaye Mama Annonciata alifika mwenyewe, na pinyo vipande viwili ndani ya kitenge. Trakta ilikuwa imesimama katikati ya shamba na msimu unawapita wanawake arobaini. Alikuambia mbele ya wateja na majirani, bila kupandisha sauti, "Muzee, mikono yako ilishachoka. Ungetuambia tu." Ulivigeuza vile vipande kwenye mwanga. Grisi ilikuwa imeingia hadi ndani ya ufa, na alama za nyundo zilionekana wazi kwa fundi yeyote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Ulisema, "Munisamehe, mama. Ni mimi nilikosea."

Habari ilifika Kiwanja kabla ya Mama Annonciata mwenyewe, na kutoka hapo ikasambaa. Pikipiki zenye magunia zikaacha kuja. Wewe uliendelea kufagia garaje kila asubuhi, kisha unaketi mlangoni. Hukulalamika, wala hukuniuliza tena. Baada ya miezi mitano moyo wako ukasimama. Kwenye matanga yako mzee mmoja akasema ulikuwa fundi hodari mpaka uzee ulipokuibia mikono. Watu wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikaendelea kuwagawia chai.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kilikuwa chako, Papa, na aibu ni yangu. Nimeibeba mwaka mzima na zaidi, hata kanisani.

Mwezi uliopita nilimwambia Mama. Nilidhani atalia. Akaendelea kuchambua majani ya sombe, akasema, "Nilijua, Kahambu. Papa yako aliniambia siku ileile. Alisema, usimuulize mutoto, atasema yeye mwenyewe siku atapata nguvu."

Kumbe ulikuwa unaningoja pale mlangoni. Miezi mitano, na mimi nilipita mbele yako kila asubuhi, nikakusalimia, nikaenda zangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pinyo.

Josias hakutaka tuyaandike haya. Alisema, "Mambo ya garaje haiandikwake kwa kumbukumbu. Watu watatucheka." Mama akamjibu, "Bacheke."

Basi Mama Annonciata na wanawake wa Kiwanja, na ninyi nyote mliokuwepo siku ile, tunawaomba mjue kwamba mikono ya Papa Hilaire haikuchoka. Aliyekosea ni mimi, na nikamwacha aombe msamaha kwa ajili yangu.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi, parokiani kwetu. Wanaokukumbuka ni mjane wako Mama Jeanine, mwanao Josias na mke wake, wajukuu wako Ushindi na Héritière, na Kahambu.

Tutakukumbuka siku zote, Papa, na mtu akiuliza ni nani aliyeharibu ile pinyo, watu wa nyumba yako watataja jina langu.