Kengele ya Kona ya Kinamasi

Östersund, Januari 9

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na paka bado anakutawala. Mimi sijambo, mume wangu Göran hajambo, na baridi ya huku inatubana sawasawa na ya kwenu, ingawa najua utasema baridi ya Uswidi ni ya kuigiza.

Tangu tumzike Mama ni miaka miwili, na hatujaandikiana hata mstari. Nimeanza mimi kwa sababu mmoja lazima aanze, na wewe sikutarajii.

Habari yenyewe ni hii. Mashindano ya Dunia ya skii yanakuja Haugmo, mlangoni kwetu kabisa, na mimi nakuja nayo. Siji kutazama. Nimepewa meza kwenye kibanda cha nta cha timu ya Uswidi, wanakopaka skii nta ili ziteleze vizuri thelujini. Kwenye mbio za kilomita hamsini, skii za mkimbiaji wao Hasse Nordlöf nitazipaka mimi. Haya, nimesema. Kaa chini, kunywa kahawa, kisha uendelee kusoma.

Umekaa? Nina ombi moja tu. Najua utakuwa kwenye njia ya mbio, pale Kona ya Kinamasi, kama kila mwaka, na koleo lako la theluji. Mama alikuwa akisimama pale na kengele ya ng'ombe, akimpigia kila anayepita, wetu na wa watu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nakuomba Nordlöf akipita umpigie. Si kwa ajili yake. Nikijua kwamba kengele imelia kwa skii nilizozipaka mimi, nitajua bado nina kwetu.

Mwanao,
Borghild


Haugmo, Januari 20

Borghild,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu shikamoo haikataliwi, hata ikitoka Uswidi. Mimi mzima. Goti linalia kila theluji ikikaribia, kwa hiyo hapa kijijini wananitumia badala ya redio. Paka alikufa Novemba. Usisikitike, alikuwa na miaka kumi na tisa na hakumpenda mtu yeyote.

Nilikaa, nikanywa kahawa, nikaendelea kusoma, na kahawa ikanipalia. Binti yangu, niliyemfundisha kushika kizibo cha kulainishia nta kabla hajajua kushika penseli, anawapakia Waswidi! Watu ambao, kwa ninavyofahamu, hupaka skii jamu na kuomba Mungu. Oddvar wa pale juu, anayewapakia vijana wetu, amesikia. Kaniuliza mbele ya duka, "Mzee Torleif, siku hiyo utavaa skafu ya njano ya Waswidi?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Ungeweza kungoja, Borghild. Nafasi ingepatikana hapa hapa.

Kuhusu kengele: iko msumarini ghalani, na itabaki msumarini. Tangu mama yako aondoke sijaitikisa hata mara moja, kwa Mnorwei wala kwa nani. Nikiishika tu machozi yananitoka, na mzee wa miaka sabini na mmoja analia njiani kwa ajili gani? Kwa hiyo usiulize tena.

Na kabla hujatoa wazo lolote la kuja kunisaidia hiki na kile: skii zangu nazipaka mwenyewe. Mwanamume hampi mtu skii zake azipake. Mama yako, katika miaka arobaini na moja ya ndoa, hakuzigusa.

Baba yako (kwa cheti cha kuzaliwa),
Torleif


Östersund, Februari 2

Kwako Baba,

Shikamoo tena. Pole kwa paka, ingawa alinikwaruza mpaka siku ya harusi yangu. Na goti lisikie dawa, lisikusikilize wewe.

Unasema ningengoja. Baba, nilingoja miaka sita. Klabu ile, sitaitaja, walinikaribisha kwenye kibanda chao kwa furaha, kisha wakanionyesha birika. Miaka sita nimewapikia kahawa wanaume waliokuwa wakibahatisha nta. Nilikuwa nikinusa hewa tu najua wamekosea, nasema, wanajibu, "Ahsante Borghild, sukari iko wapi?" Waswidi walinipa meza siku ya kwanza. Hawakuniuliza natoka wapi, waliniuliza kesho itakuwa theluji gani.

Sikuliacha kabila. Nilifuata kazi uliyonifundisha mwenyewe, jikoni kwetu, juu ya meza ya kulia, Mama akilalamika kuhusu kitambaa. Nina hasira na wewe kidogo, na nimekukumbuka sana. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana.

Kengele sitaitaja tena. Umeshinda.

Mwanao,
Borghild


Haugmo, Februari 24

Borghild,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Sikujua habari ya birika. Ungeniambia.

Nasikia mmefika na mnalala shuleni, kilomita mbili kutoka hapa. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, umepamba moto: kina mama wanachemsha supu ya njegere kwa ndoo, hata mchungaji amepewa reki. Mimi ni mkuu wa kona yangu, nina watu wanane na makoleo tisa.

Sasa sikiliza utaratibu. Mimi ni mtu wa njia, naitunza njia ya mbio, na njia ni ya wote. Wewe ni mpakaji nta wa timu. Mtu wa njia haketi mezani na mpakaji nta kabla ya mbio, hata kama alimzaa. Wakituona tunakunywa kahawa watasema nimekunong'oneza. Kwa hiyo usije nyumbani mpaka Jumamosi ipite. Ukiwa na neno, weka barua kwenye sanduku la posta kule barabarani. Mimi hupita asubuhi.

Theluji inakuja. Goti limesema.

Baba yako,
Torleif


Shuleni Haugmo, Februari 27, asubuhi

Kwako Baba,

Shikamoo. Naandika nimepiga magoti, maana madawati ya shule ni ya watoto wa miaka saba na Waswidi ni warefu. Uzima tunao. Wewe je? Jana nilikuona kwa mbali ukimfokea mchungaji kuhusu reki, nikajua uko salama.

Huu ni ujinga mtamu sana, Baba. Nimesafiri saa nne nije kukuandikia barua kilomita mbili. Göran kanipigia simu, nilipomweleza alicheka mpaka akakata.

Nimekubali utaratibu wako. Lakini jana nilipita barabarani nikasikia harufu ya kahawa yako ya kuunguza, nikasimama hapo kama ng'ombe aliyesahau njia. Nilitaka ujue.

Mwanao,
Borghild


Februari 28, kabla ya mbio

Baba,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko, nina dakika tano na vidole vya barafu.

Nimetoka kujaribu skii njiani. Nimeuona ubao wako wa kila mwaka pale Kona ya Kinamasi. Nani asingeuona, ni mkubwa kama mlango wa zizi: HAPA NYUZI TANO CHINI YA SIFURI. HUKO UWANJANI MSIDANGANYIKE. Oddvar na wenzake walikuwa mbele yangu. Walicheka! "Mzee Torleif ameanza tena!" Wanakumbuka ule wa mwaka jana, PISHA KULUNGU ANA HARAKA, na ule wa mwaka juzi kuhusu mchungaji. Huku uwanjani ni sifuri kamili, theluji mpya inalowa, kila timu inapaka nta laini ya sifuri.

Mimi nimekaa na wewe miaka ishirini na mbili. Unafanya mzaha na kila kitu, hata mazishi, lakini na theluji hujawahi.

Nimemwambia Stig, mkuu wetu, kwamba juu ya nta laini nitapaka tabaka jembamba la nta ngumu ya baridi, ili theluji ya konani isigandie chini ya skii. Kasema, "Mzee Mnorwei anatuandikia sisi ubao? Huo ni mtego!" Nikamwambia ni baba yangu. Kasema, ndiyo maana. Tumebishana mpaka nta ikapoa. Mwishoni kasema nipake, lakini nikikosea nimalize kazi leo na nirudi nyumbani kwa miguu.

Nyumbani ni kilomita mbili, Baba. Adhabu yenyewe sikuiogopa.

Ninakwenda kupaka.

Borghild wako


Shuleni, Machi 1

Kwako Baba,

Shikamoo, na habari za tangu jana. Mimi sijambo, ila sauti imekwenda na bado haijarudi. Stig kanibeba mabegani mbele ya watu, mwanamke wa miaka thelathini na nne, na viatu vyangu vikadondokea kwenye supu ya mtu.

Sekunde saba! Kilomita hamsini, na Nordlöf ameshinda kwa sekunde saba! Alipovuka mstari alianguka chali, na nilipomfikia alikuwa akisema neno moja tu, "Ziliteleza, ziliteleza."

Uwanjani kwenu kulikuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Oddvar alinipita, akasimama, akarudi. Akasema, "Ule ubao." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Asiyesikia la mkuu," akashindwa kumalizia, akanipa mkono. Ni muungwana. Umwambie nimesema hivyo.

Lakini Baba, kuna jambo nataka kukuuliza, na naogopa jibu. Mzunguko wa mwisho nilikimbilia mlimani nyuma ya kibanda, pale unapoweza kuiona njia kidogo kati ya miti. Kelele zilikuwa nyingi, soseji zinachomwa, watu wanaimba. Na katikati ya kelele hizo nilidhani nimesikia kitu. Göran anasema mtu akitaka sana kusikia kitu atakisikia hata kwenye birika.

Basi linatuondoa saa saba, kabla hujapata muda wa kunikaribisha au kunifukuza. Sikutaka nije bila kuitwa. Nimeiweka barua hii sandukuni. Nijibu ukipenda.

Mwanao,
Borghild


Haugmo, Machi 3

Mwanangu Borghild,

Marahaba, marahaba, na ya zile zilizopita pia. Mimi mzima, ila kijijini nimekufa. Nitakueleza yote, na usimkatize mzee.

Jumamosi asubuhi nilifungua sanduku, nikasoma barua yako nikiwa nimesimama. Nilipofika pale ulipoandika kwamba nyumbani ni kilomita mbili, nilirudi ghalani. Nikaitoa kengele msumarini, nikaifunga na soksi ili isilie, nikaitia kwenye mkoba chini ya chupa ya kahawa. Sikuwa na nia yoyote. Nilisema tu nayo ikapate hewa.

Mzunguko wa kwanza, vijana wetu walifika konani na theluji imeganda chini ya skii zao mabonge mabonge. Walikuwa wanatembea kama mabibi harusi waliovaa viatu virefu. Wanapiga miguu, wanakwangua, wanatukana. Mmoja akanipigia kelele, "Mzee, si ungesema!" Nikamwonyesha ubao kwa koleo. Akausoma. Sitaki kurudia alichosema.

Kisha akaja huyo mrefu wako. Alipita kama kisu kwenye siagi. Kila alipoinua mguu niliona chini ya skii: laini chini, ngumu juu, nyembamba, imelainishwa kwa kizibo kutoka kidole kwenda kisigino na si kinyume. Huo ni mkono wangu, Borghild. Nilikupa jikoni ukiwa na miaka minne. Nilisimama pale na koleo langu nikamwona mwanangu anapita msituni, na mimi nimekaa miaka miwili bila kumwandikia, kisha nikamnunia kwa sababu ya rangi ya skafu. Niliona aibu. Naiandika ili uwe nayo kwa maandishi.

Mzunguko wa mwisho soksi ilitoka. Nilipiga, mwanangu. Nilimpigia Mswidi mbele ya kijiji kizima, Göran alie na birika lake! Mke wa Oddvar akapayuka, "Torleif, msaliti wee!" Sikuacha. Akaja wa kwetu, aliyekuwa ameshabadilisha skii, sekunde chache nyuma, nikampigia naye, na machozi yananitoka, na hakuna aliyenicheka, maana kila mtu pale anaijua kengele ile ni ya nani. Mke wa Oddvar mwenyewe alikuja kunishikia koleo.

Nimempigia kila mtu. Wa mwisho alipita saa moja na nusu baadaye, kijana kutoka nchi ya joto, watu wote wamekwenda kula. Akasikia kengele, akageuka kunishukuru, akaanguka. Nikamwinua, nikampa kahawa, tukapoteza muda. Mama yako alikuwa akisema wa mwisho ndiye aliyekaa baridini kuliko wote, ndiye wa kupigiwa zaidi. Ndiyo maana sikukufikia siku ile, na barua yako ya kesho yake niliikuta basi limeshaondoka.

Basi. Kijijini wameninunia siku mbili, leo mchungaji kaleta keki. Tutaishi.

Sasa lililobaki. Pasaka napanda kwenye kibanda chetu cha mlimani. Machungwa yetu ya kila Pasaka nimeshaagiza, na ni ya watu watatu, Göran akiwemo. Kule juu asubuhi huwa baridi kali na mchana jua linayeyusha, theluji ya kumchanganya mtu, na goti langu siku hizi linadanganya.

Mzigo mrefu utakaoupata pamoja na barua hii ni skii zangu. Nimezikwangua mpaka zikabaki uchi. Zipake unavyojua wewe. Usinijibu kwa barua. Njoo nazo.

Baba