Baba, Kamera Imekuona Stendi

Baba yangu uliyelala makaburini Mollo,

Wiki iliyopita polisi walikuja kukutafuta.

Kwenye misa ya kumaliza msiba wako, shangazi alichapisha fulana zenye picha yako kifuani, kama watu wengi wanavyofanya sasa. Ilikuwa picha pekee uliyowahi kuikubali. Shangazi alikubembeleza sana siku ile, nawe ukaenda kwanza kunawa uso na kuvaa shati la kanisani. Hukupenda kupigwa picha bila kuulizwa. Hata mimi, binti yako, ulikuwa unaniambia, "Omba kwanza, mama."

Basi shangazi alipokuwa anarudi kwake Matai, nilivaa fulana ile nikamsindikiza stendi. Tulisimama chini ya kamera mpya ya polisi, ile inayotambua sura za watu, tukipiga stori. Kesho yake askari wawili wakabisha hodi kwetu Katandala.

"Mama, mzee yuko wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Mollo," mama akajibu, akiendelea kupepeta ulezi.

"Anarudi lini?"

"Siku ya ufufuo, afande. Kama una haraka, mfuate."

Afande akasema mashine imekuona jana stendi, na mashine haikosei. Mama akanyanyuka, akaianua fulana kwenye kamba na kumwonyesha, kisha akarudi kwenye ungo wake. Askari kijana akageukia ukutani ili tusimwone akicheka. Mkubwa wake hakucheka. "Lakini huyu yumo kwenye mashine yetu, kati ya washukiwa wa wizi," akasema.

Hapo nikaikumbuka jioni ile uliporudi kutoka kituoni. Walikuwa wamewakusanya ninyi wauza mahindi sokoni kwa sababu ya magunia yaliyoibwa, wakawapiga picha mmoja mmoja. Mwizi alipopatikana wakawaachia. Ulikula ugali, halafu ukasema, "Mimi wameniachia. Sura yangu wamebaki nayo." Uliwaomba waifute, wakakwambia usiwe na wasiwasi. Nilikuwa mdogo, nikashangaa mtu mzima kukosa raha kwa ajili ya picha. Sasa ninakuelewa, baba.

Maana afande alitoa simu yake akaniambia, "Binti, umefanana naye mno. Simama hapo ukutani nikupige picha, mashine isije ikakuchanganya na baba yako."

"Hapana, afande."

Mama akaacha kupepeta.

"Unaikatalia serikali?"

"Nakataa picha. Nina kosa gani? Itawekwa wapi? Nani ataifuta?"

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mwalimu wa uraia. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo, afande."

Sikusogea ukutani. Yule kijana akasema polepole, "Mkuu, mtoto ana hoja." Simu ikarudi mfukoni.

Sichukii polisi, baba. Tulipoibiwa baiskeli tuliwakimbilia wao, na ninataka wezi wakamatwe. Lakini namba ya simu naweza kuibadilisha. Uso siwezi kuuacha nyumbani ninapokwenda sokoni. Na uso huu kila mtu anasema ni wako mtupu. Picha yako ikibaki kwao, leo watakutafuta wewe na kesho watanisimamisha mimi, wakati hakuna kati yetu aliyeiba hata punje. Mtu akiachiwa huru, aachiwe mzima.

Jumatatu ninakwenda kituoni na mama kudai picha yako ifutwe. Mwalimu ameniruhusu. Wale wauza mahindi wenzako nao wamesikia, na kila mmoja anakuja kudai yake. Mama anasema pengine watatuzungusha: njoo kesho, njoo keshokutwa. Basi tutakwenda kesho na keshokutwa. Ninaamini yupo mtu pale ndani atakayetusikiliza. Yule kijana amenipa tumaini.

Pumzika, baba. Sare yangu nimeshaipiga pasi. Nitasimama mbele ya meza yao na kuinua kichwa waniangalie vizuri, kwa sababu siku hiyo nitakuwa nimekwenda kwa hiari yangu.

Ni mimi,
Binti yako wa mwisho