Maua Niliyojinunulia Siku ya Valentaini

Mpendwa Shangazi Zuleha, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo baba mkwe ameitisha kikao kule Mwese kuzungumzia ndoa yangu, na aliyeiharibu ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ilembo, nina miaka sita ya ndoa na mume wangu Isidori, ambaye msimu wa mvua hukaa Mwese shambani na mimi hubaki mjini na kazi yangu, na tunapendana Shangazi, usije ukawaza vingine, ila kila Valentaini ikifika mafundi wenzangu wanaweka status za maua na keki na mimi naweka mstari wa Biblia, sasa mwaka huu nikasema hapana, nami ni mke wa mtu, nina fahari yangu, nikaenda sokoni kwa Mwamvita mwenye duka la zawadi nikanunua maua mekundu ya plastiki, nikayapiga picha nikaandika, "Asante mume wangu kwa kunikumbuka," wenzangu wakaja nyumbani kunipongeza, na tukiwa tunakunywa soda akaingia Isidori mwenyewe, tope hadi magotini na kiroba kichwani, kumbe pikipiki ilimkwamia njiani akatembea tangu alfajiri mpaka alipopata lori.

Akaona maua akauliza, "Nani kaleta haya?" Nikamkonyeza nikasema, "Si wewe, mume wangu?" Shangazi, yule mwanaume hajui kuigiza. Akasema, "Mimi? Mimi nimeleta mahindi." Wageni wakaanza kuaga.

Ujue ukoo wao una desturi kwamba mahindi mabichi ya kwanza hayaguswi na mtu yeyote, hata mama mzazi, mpaka mwenye shamba amchomee mkewe hindi na mke ale, na hayo ndiyo aliyokuwa ameyabeba. Tulipobaki wawili akaniuliza tena, taratibu tu, na mimi kwa aibu ya kusema nimejinunulia nikajibu kanipa mteja, akauliza mteja gani, nikaanza kukusanya chupa za soda. Akasema, "Nyie na Valentaini yenu, hiyo ni siku ya michepuko." Asubuhi akabeba kiroba chake akarudi Mwese, simu zangu hapokei, na mama mkwe anasema mahindi yanakomaa shambani na hakuna anayethubutu kuyala.

Naomba uniambie maana ya kweli ya siku hii, ni ya mtakatifu kama wanavyosema wenzangu au ya wazinzi kama anavyosema mume wangu, ili nijitetee kikaoni bila kutaja kwamba maua nilinunua mwenyewe, maana hilo likijulikana Ilembo nzima itanicheka.

Restituta, Ilembo

MAJIBU

Restituta mwanangu, pole, lakini lazima nikuseme. Unataka nikupe historia uende nayo kikaoni kama wakili? Nitakupa, maana nilifundisha somo hilo miaka mingi na sipendi watu wababaishane.

Roma ya kale ilikuwa na mashahidi wa dini zaidi ya mmoja walioitwa Valentino. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, padri, alifungisha kwa siri ndoa za askari waliokatazwa kuoa, akauawa. Ni simulizi nzuri, lakini ushahidi wake ni mdogo. Mambo ya wapenzi yaliingia karne nyingi baadaye kupitia washairi wa Ulaya, na hizo kadi na chokoleti zikaongezwa na wafanyabiashara. Kwa hiyo mumeo kakosea, si siku ya michepuko. Na wenzako nao wajue kwamba hakuna mtakatifu aliyeagiza maua ya plastiki. Kama simulizi ile ina maana yoyote, basi ni ya mtu aliyeingia gharama kwa ajili ya ndoa za watu. Wewe kwako gharama hiyo ililipwa na miguu ya Isidori, ukaificha nyuma ya ua la dukani!

Mimi nilipoolewa sikupewa hata kadi, na najivunia ndoa yangu hadi leo. Wewe una ukoo mzima uliofunga midomo mbele ya chakula kwa sababu mke wa Isidori bado hajala. Wakwe, watoto, wote wanakusubiri. Heshima ya namna hiyo utaiweka kwenye status gani ikaenea? Halafu unaogopa kuchekwa na mafundi wenzako. Wakucheke! Watachoka.

Isidori naye kakosea kukata mawasiliano, lakini si yeye aliyeniandikia.

Usisubiri Jumapili. Ondoka kesho, barabara ikikataa tembea, mwenzako aliweza. Mpigie Mwamvita mbele ya mumeo, aseme aliyenunua yale maua ni nani. Huo uongo wa mteja uutaje kwa mdomo wako na uuombee msamaha, maana ndio uliomuumiza. Historia yangu iache nyumbani.

Kikao kikikaa, simama mwenyewe, usitafute msemaji. Inua uso, sema wote wasikie: "Baba, niliwadanganya watu kwamba mume wangu kanikumbuka, na saa ileile niliyokuwa nadanganya, yeye alikuwa njiani anakuja."