Alama Ishirini za Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, cherehani imetulia na goti limeacha kukusumbua. Watoto hawajambo? Mkubwa ameshaizoea miwani yake, au bado anaificha kwenye begi la shule? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nakwenda na kurudi. Mengine ndiyo yaliyonifanya niandike, maana kwa simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Umeniandikia kwamba umechoka na mume wako. Kwamba ulibeba nyumba peke yako miezi mitatu ili yeye asome, naye akakurudia mikono mitupu. Kwamba kichwa chake kimejaa grisi, na hayo unamwambia waziwazi, watoto wakisikia. Mwisho ukanishukuru mimi kwa kuvumilia kumfundisha mtu mzito namna hiyo. Shukrani hiyo, dada, ndiyo iliyonichoma.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa sababu najua yeye hakukueleza.

Kiwanda cha mbao kilipofungwa na lori alilokuwa akiliendesha likauzwa, ile kampuni ya mizigo ilitangaza kwamba inataka madereva kumi na wawili wa safari za nje, wanaojua Kiingereza cha kuelewana na watu wa mipakani. Mafunzo yakawekwa kwenye kituo chetu cha lugha, mwalimu nikawa mimi. Wewe ndiye uliyenipigia simu ukanisihi nimpokee. Alilala sebuleni kwangu wiki kumi na mbili. Kila asubuhi nilikuta ameshakunja shuka lake, na bomba la jikoni lililowashinda mafundi watatu alilitengeneza yeye. Darasani hakuniita shemeji hata mara moja. Aliniita Mwalimu, kama wenzake.

Walikuwa madereva ishirini na sita wamejibana kwenye viti vya kitoto, chini ya feni moja inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Majina ya vyombo vya usafiri waliyashika upesi. Tela, kivuko, usukani, ni vitu vyao hivyo. Kazi ilikuwa kulinganisha. Niliwaeleza kwamba Kiingereza hakitosheki na neno moja kama "kuliko" letu: sifa fupi inawekewa mkia, sifa ndefu inatanguliziwa neno mbele. Shemeji wiki nzima aliweka vyote viwili, mkia na neno la mbele, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia. Vijana wakamcheka. Naye akacheka, akafuta, akaandika upya, mpaka daftari likatoboka.

Wiki ya sita nikawapa mchezo. Kila mtu achukue kadi mbili za picha bila kutazama, asimame, alinganishe. Mmoja akasema treni ni ndefu kuliko basi. Mwingine akasema ndege ni ghali kuliko pikipiki, na pikipiki nayo ina deni, tukacheka. Shemeji akapata baiskeli na gari la wagonjwa. Akazitazama sana zile kadi. Kisha akasema, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba baiskeli ina kasi kuliko gari la wagonjwa.

Darasa zima likavunjika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikamwambia sarufi ni safi ila maana ameipindua.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Ni kweli."

Akaanza kuwaeleza wenzake kwa yale maneno machache aliyokuwa nayo. Mama wa mke wangu mgonjwa. Tunapiga simu saa mbili asubuhi. Gari haliji. Mimi baiskeli, mama kwenye keria, mke wangu nyuma, anamshika. Saa nane, hospitali. Saa kumi, gari la wagonjwa linafika nyumbani, nyumba tupu. Hapo hakuna aliyekuwa anacheka tena. Akamalizia kwamba mama alikuwa na binti mwingine, mwenye gari dogo, na gari hilo lina kasi kuliko vyote, lakini halikuja. Namna ya kusema "kuliko vyote" nilikuwa bado sijawafundisha. Alikuwa ameisoma mwenyewe kwenye sura ya mbele.

Hakunitazama, wala hakuna aliyejua binti huyo ni nani. Lakini nilisimama pale na kalamu ya ubao mkononi, nikahisi navuliwa nguo. Nikamwambia akae. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza kwa nini amenianika mbele ya watu. Alishangaa kweli.

"Shemeji," akasema, "ndiyo maneno niliyokuwa nayo."

Sikumwamini. Nikaweka kinyongo wiki sita nzima, huku nakula naye meza moja.

Ukafika mtihani wa kuzungumza. Ndio uliokuwa unaamua nani anachukuliwa, na aliyesahihisha ni mimi peke yangu. Waliotakiwa ni waliopata hamsini kwenda juu. Alikosea hapa na pale, lakini alieleweka, na kueleweka ndiko kulikotakiwa. Nikamwandikia hamsini na nane. Akanishukuru, akatoka. Alipofunga mlango, tano nikaigeuza ikawa tatu. Umenisikia, dada? Mume wako alifaulu. Mimi ndiye niliyemfelisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Siku ile ya mama nilikwambia gari langu liko kwa fundi. Halikuwa kwa fundi. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, tangi limejaa. Saa tano nilikuwa na usaili wa kuwa mkuu wa walimu wa Kiingereza, nikajiambia mama amezoea kulalamika, na gari la wagonjwa litafika tu. Cheo nilikipata. Daktari alipokwambia kwamba angewahishwa kidogo angepona, ulikuja ukanieleza mimi, nikalia mapajani kwako, nikakuacha unibembeleze. Ndiyo maana maneno ya shemeji yaliniuma. Hayakuwa na uongo hata mmoja, na mwongo alikuwa anasahihisha.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa kituo, nikamwaga yote. Barua ya kunisimamisha kazi ninayo hapa mezani. Nikaenda na kwenye kampuni. Afisa wao akaniambia, kwa upole ulionitesa kuliko angenifokea, kwamba nafasi zimejaa, malori yameshaondoka, na mwakani hawachukui mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano. Shemeji anafikisha arobaini na sita mwezi wa pili.

Alhamisi nikampigia yeye. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniambia kwamba anajua. Alijua tangu siku matokeo yalipobandikwa, kwa sababu ile hamsini na nane aliisoma mezani kwangu, karatasi ikiwa imemgeukia kichwa chini. Miaka ishirini ya kusoma namba kwenye vioo vya pembeni, akasema, si bure. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, kwa nini anakuacha umwite mjinga mbele ya wanawe. Akasema kwamba mke wake amemzika baba, amemzika mama, na amebaki na ndugu mmoja tu. Yeye kuitwa mjinga, ataweza kuzoea. Akaniomba nisikwambie.

Nimemkatalia. Nimeshamnyang'anya kazi, siwezi kumnyang'anya na heshima ndani ya nyumba yake ili mimi nibaki na dada.

Msamaha sikuombi, maana sijui ningeanza kuombea lipi. Ukiamua kwamba hii ndiyo barua ya mwisho kati yetu, sitakulaumu, wala sitamtuma mtu aje kunisemea. Ila kabla hujaniwaza mimi, inuka kwanza uende alipo yeye.

Nisalimie watoto mmoja mmoja. Usiwaambie habari zangu kama hutaki, lakini waambie baba yao alifaulu.

Ni mimi, mdogo wako,

Kitindamimba